Kidole cha Mwalimu wa Vidudu

Waliomjua kwa sauti walikuwa wengi kuliko waliomjua kwa sura, na waliomjua kwa kidole walikuwa wengi kuliko wote. Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, ukiwasha televisheni Jumamosi asubuhi pale Moshi mjini, au kule Kibosho kama antena yako imepita juu ya migomba, ulikuta kitabu kimefunguliwa na kidole cha mwanamke mtu mzima, kucha fupi, kinatembea chini ya maneno. Sauti inasoma, kidole kinafuata. Uso huuoni. Watoto wa mlimani walikiita kipindi chenyewe Kidole, na hakuna aliyekumbuka tena jina ambalo Mkurugenzi wa kituo alikuwa ameliandika kwenye ratiba.

Nyuma ya kamera nilikuwa mimi. Nilikuwa msichana wa mtaa wa Pasua niliyejifunzia kazi kwenye harusi, na kipindi hicho ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote nilizowahi kufanya. Lakini ngoja niseme na la pili kabla sijanogewa na sifa. Kanda za Kidole zilikuwa zimejaa kabati zima. Mwenyewe alinikabidhi nizitunze. Nikazifuta, na alipozijia nikamdanganya. Haya ninayoyaandika yametoka kichwani kwangu, maana kanda ya kuangalia sina, na kosa ni langu.

Alikuwa na jina lake, na familia, na ukoo wake, mambo ambayo wenye nayo watayasimulia. Sisi tulimwita Mwalimu wa Vidudu. Alifundisha watoto wa miaka mitatu hadi mitano kwenye chumba kimoja nyuma ya kanisa, hatua chache kutoka kwetu, na sauti yake nilikuwa nikiisikia kupitia dirishani kabla sijamwona. Hakuwa anapaza sauti. Alikuwa anaongea taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, na watoto arobaini wanakaa kimya. Mpaka leo sijui alikuwa anafanyaje.

Kipindi kilianza kwa ugomvi. Mkurugenzi wetu alikuwa mfanyabiashara wa vipuri vya magari, na serikali iliporuhusu watu binafsi kurusha matangazo akanunua mitambo, akapanga vyumba vitatu juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na sisi tukawa kituo cha televisheni. Jumamosi asubuhi hakuwa na cha kuweka, akawa anaweka sinema za karate. Jumatatu moja, mchana, akapanda ngazi mama mmoja amevaa gauni la kitenge lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe.

"Wewe ndiye mwenye televisheni?"

"Ndiyo, mama. Karibu, kaa."

"Sikai. Watoto wangu wameng'oana jino darasani kwa ajili yako. Kila Jumatatu ni mateke tu."

"Pole sana, mama. Lakini siku hizi ni soko huria. Asiyetaka anazima."

"Mtoto wa miaka minne azime nini, na hata kitufe hakifikii? Nipe hiyo nusu saa mimi."

"Una nini cha kuonyesha?"

"Vitabu."

Mkurugenzi alicheka mpaka akakohoa. Akamweleza, kwa adabu kabisa, kwamba televisheni inataka picha zinazotembea.

"Nipe nusu saa," mama akasema. "Zitatembea."

Akapewa, nadhani ili aondoke. Jumamosi akaja na kikapu cha sokoni kimejaa vitabu. Nikaelekeza kamera usoni kwake, kama nilivyozoea kumpiga picha bibi harusi. Akanyanyua mkono akaziba lenzi.

"Binti, unapiga nini?"

"Nakupiga wewe, Mwalimu."

"Mimi nimeandikwa wapi humo? Piga kitabu."

Ndivyo ilivyokuwa mpaka mwisho. Alikiweka kitabu pembeni, kikitazama kamera, yeye akakisoma kwa upande huku shingo ameikunja, kama wafanyavyo walimu wa vidudu wote wanaojua kazi. Kidole kilikuwa na sheria zake. Hakitangulii sauti. Hakizibi picha. Kikifika mwisho wa mstari kinanyanyuka, kinarudi kushoto bila haraka, kinatua. Ukiugeuza ukurasa, unaushika pembeni juu, hulambi kidole, "maana kitabu si cha kwako peke yako." Siku moja nilicheza na lenzi nikavuta picha karibu, ile mbwembwe tu ya mpiga picha, akaacha kusoma katikati ya sentensi na akaisubiri kamera irudi ilipokuwa. Ilikuwa hewani, moja kwa moja, huku deki inarekodi! Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa cheka. Mwanamke huyo ambaye hakuonekana hata sikio, kila Jumamosi alikuja ametengeneza nywele, amevaa hereni, kanga ya begani imelingana na gauni. Nikamuuliza, Mwalimu, hayo yote ya nani, na anayeonekana ni kidole tu? Akaniangalia kwa huruma. "Wewe unaenda kutembelea nyumba za watu umevaa malapa?"

Na jingine. Yeye aliyekuja kulalamika kuhusu karate, kipindi kikiisha alikuwa anateremka kwenye kibanda cha mlinzi, ambako zile sinema zilikuwa zimehamishiwa kwenye deki ya zamani, na anakaa nazo saa nzima na chai mkononi. Nilimkuta mwenyewe. "Mpige! Mpige huyo, msaliti!" Aliponiona akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. "Mimi ni mtu mzima," akasema. Nyumbani kwake televisheni hakuwa nayo, na kwa miaka yote minne ya Kidole hakuwahi kukaa chini akakitazama kipindi chake.

Jambo lililomtoa jasho Mkurugenzi lilikuwa ukimya. Mwalimu akifungua ukurasa wenye picha, kwanza hasemi kitu. Anakaa kimya, kidole kimetulia pembeni, sekunde zinapita. Televisheni kimya inaogopesha. Wiki ya kwanza Mkurugenzi alitoka ofisini kwake anakimbia.

"Mbona kimya? Watu watadhani mitambo imekufa!"

Mwalimu akafunika kinasa sauti kwa kiganja. "Mtoto anaangalia picha. Muache aangalie."

"Lakini anayeangalia hasikii chochote!"

"Ndiyo maana anaangalia."

Baada ya miezi michache nusu saa ikawa saa moja, halafu saa moja na nusu, kwa sababu wazazi walikuwa wakimsimamisha Mkurugenzi hata kanisani. Mwalimu akaigawa mwenyewe. Mwanzo, kitabu cha picha tupu kwa wale wadogo kabisa. Katikati, hadithi. Mwisho, hadithi ya wiki iliyopita, ileile, neno kwa neno. Mkurugenzi akasema huo ni uvivu. Mwalimu akasema mtoto akishajua kitakachotokea ndipo anapoanza kusoma, kabla ya hapo anasikiliza tu. Kipande hicho cha mwisho ndicho kilichopendwa kuliko vyote. Ukipita mitaa ya Pasua Jumamosi saa nne kasoro ulisikia watoto nyumba hii na nyumba ile wanasoma pamoja na sauti ya televisheni, na wengine wanaitangulia.

Vitabu vyenyewe vilikuwa hoi. Vingi vilitoka kwenye maktaba za shule zilizokuwa zimefungwa, karatasi ya manjano, jalada limeshikiliwa na uzi. Vipya vilikuwa vinakuja mjini, vizuri, vya rangi, ila havikuwa vikimfikia mwalimu wa chumba kimoja nyuma ya kanisa. Kilikuwepo kimoja cha mbuzi aliyeziba mfereji wa kijiji kwa kulala ndani yake. Watoto walikipenda kufa. Ukurasa wake wa tisa ulikuwa umeliwa na panya. Nikamshauri tuuruke, nani atajua? Akakataa katakata. Akauonyesha mbele ya kamera, na tundu lake.

"Hapa panya amekula," akawaambia watoto wa mlima mzima. "Mbuzi amelala kwenye mfereji, maji hayapiti, halafu ukurasa unaofuata mbuzi yuko juu ya mti. Nani anajua alipandaje? Mwambie mama akuandikie, ulete."

Mae! Wiki iliyofuata ngazi zetu zilijaa. Karatasi za daftari, makaratasi ya sukari, karatasi moja ilikuwa upande wa nyuma wa kadi ya kliniki. Mbuzi alipandishwa na nyoka. Mbuzi aliogopa mangi, yaani chifu. Mtoto mmoja wa Kirua alikuwa amechora tu, bila maneno, maji yanajaa polepole na mbuzi anaelea mpaka anafika kwenye matawi. Mwalimu aliitazama picha hiyo muda mrefu, kisha akachukua gundi, akaibandika palepale kwenye ukurasa wa tisa. Kuanzia hapo kitabu kile kilisomwa hivyo. Niliona machozi machoni mwake, na mimi yakanitoka, na mlinzi aliyekuwa ameleta chai akauliza nani amefariki.

Lakini siku niliyoelewa tunafanya nini hasa ni siku tuliyopanda Kibosho. Umeme wa kituoni ulikuwa na hitilafu, tukaamua kurekodi nyumbani kwa mzazi mmoja. Barabara ile inajulikana, tulifika tumetingishika mpaka meno. Kulikuwa na bibi pale, analea wajukuu wanne ambao wazazi wao wako Dar kwenye biashara, kama ilivyo nyumba nyingi za mlimani. Tulikula kiburu cha ndizi na maharage, tukarekodi, na wakati nafunga nyaya Mwalimu akaweka kanda ya wiki iliyopita ili watoto watazame. Bibi akasogeza kigoda mpaka karibu kabisa na kioo. Kidole cha Mwalimu kilipoanza kutembea, bibi akaweka chake juu ya kioo, palepale, akaenda nacho. Midomo yake inatembea. Mstari mmoja, wa pili, wa tatu. Alipofika mwisho wa ukurasa akageuka.

"Nilisoma kidogo ile elimu ya watu wazima," akasema, kama mtu anayeomba radhi. "Ikapotea. Sasa inarudi. Jumapili nimesoma mwenyewe wimbo wa kanisani, sikumfuata mtu."

Mwalimu alimshika bibi yule mikono yote miwili akamshukuru kwa Kichagga, "aika, aika mbe," mara nyingi, kana kwamba aliyepewa ni yeye. Tukirudi mjini kifua kilikuwa kimenijaa fahari. Nilijiona mkubwa kuliko wapiga picha wote wa Tanzania.

Sasa nimefika ninapoogopa kufika.

Mkurugenzi aliweka dishi kubwa juu ya paa, na katuni za nje zikaanza kumiminika, mchana kutwa, bila kumlipa mtu wala kumbembeleza. Kidole kikapunguzwa, kikasogezwa, kikaondolewa. Mwalimu hakugombana. Alikuja siku ya mwisho na hereni zake, akasoma, akafunga kitabu, akaniita kando.

"Zile kanda," akasema. "Nataka kufundisha hawa mabinti wanaoanza kazi ya vidudu. Maneno hayatoshi, wanatakiwa waone. Nitunzie mpaka nipate pa kuziweka na deki ya kuziangalizia. Usimpe mtu."

"Nitazitunza, Mwalimu."

"Umesema."

"Nimesema."

Ikaja Desemba. Mtu asiyeijua Desemba ya Wachagga hawezi kunielewa. Watu wote wamepanda nyumbani, Dar nzima iko mlimani, na kila nyumba ina harusi au kipaimara, na siku hizo kipaimara bila video ni kama hakikufanyika. Tulikuwa tunarekodi sherehe nne kwa siku. Kanda tupu zikaisha kwetu, zikaisha madukani, zikaisha mjini kote. Mkurugenzi akasimama mlangoni na kusema, "Si kuna zile za Kidole? Kipindi kimeshakufa. Tumia hizo."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema nimeahidi. Angegomba, na pengine angekubali, alikuwa si mtu mbaya. Lakini nilikuwa nimechoka, na familia ya Kibosho inasubiri chini na gari linaunguruma, na nikajiambia nitatumia moja tu. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Ya pili haikuuma kama ya kwanza. Kufikia mwaka mpya kabati lilikuwa tupu, na Kidole chote kilikuwa kimefunikwa na keki, maaskofu na mashangazi wanaocheza.

Januari akaja na kikapu kilekile.

"Nimepata deki," akasema, anang'aa. "Mchungaji amenipa chumba."

"Mwalimu, zimepelekwa Dar," nikasema. "Kusafishwa. Zilianza kuingia ukungu."

"Umefanya la maana sana, mwanangu."

Afadhali angenichapa kofi.

Alikuja tena mara mbili. Dar bado. Halafu hakuja tena, na mimi nikahamia kazi nyingine, nikaolewa, na nikawa mtu wa kubadilisha njia. Nikimwona sokoni, ninakatiza kwenye mitumba. Kwenye misiba ninakaa nyuma. Niliishi hivyo miaka sita. Mwanangu alipofikisha miaka mitatu na mume wangu akasema aanze vidudu, nikalia mezani mbele ya mtori wa watu, na nikamweleza mume wangu kisa chote. Akasema, "Sasa unanililia mimi wa nini?"

Mwalimu alikuwa amestaafu, amerudi Kirua Vunjo kwenye kihamba chao, shamba la ukoo. Kwetu ukimkosea mtu kosa zito, unampelekea isale, lile jani refu la mmea tunaopanda mipakani. Unalileta, unalitoa, na anayeletewa hana ruhusa ya kukunyima msamaha. Nilikata moja kwa mama yangu, nikalifunga vizuri, nikapanda nalo.

Nilimkuta anachambua maharage kibarazani, mguu mmoja ameunyoosha kwenye kigoda. Hereni masikioni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akainua macho, akaliona jani, akaniona mimi. Nikalinyoosha kwa mikono miwili.

"Hapana," akasema. "Hilo kaliweke pale getini."

"Mwalimu, nakuomba..."

"Ukinipa hilo sasa hivi sitaweza kukugombeza, na nina miaka sita ya kukugombeza. Liweke getini, urudi ukae."

Nikaliweka. Nikarudi, nikakaa chini, kwenye sakafu. Nikaanza kusema: kanda, Mwalimu, zile kanda hazikwenda Dar.

"Najua."

"Nilizifuta."

"Najua, na nilijua kabla hata ya Pasaka ya mwaka ule." Akaendelea kuchambua. "Nilialikwa nyumba moja Kibosho, wamepata mtoto. Wakawasha video ya kipaimara cha Desemba ili wageni tuone. Askofu, keki, kila kitu. Ikaisha. Zikaja chenga. Nikadhani wanazima, hawazimi. Watoto wote wamesogea mbele, wamekaa. Halafu nikasikia mtu anasoma. Ni mimi!"

Sikuelewa, halafu nikaelewa. Sherehe huwa fupi kuliko kanda. Pale niliposimamisha kurekodi, chini yake kilichokuwepo kilikuwa bado kipo. Nilikuwa sijawahi kuangalia kanda hata moja mpaka mwisho.

"Dakika ishirini," akasema. "Nyumba nyingine dakika kumi. Moja Uru ina nusu saa nzima. Wanasogeza askofu mbio ili wafike kwangu, Mungu awasamehe. Walinishukuru, wakadhani ni zawadi tumewapangia mimi na wewe. Ningesema nini? Nikapokea. Wale mabinti wa vidudu niliwapeleka hukohuko, sebuleni kwa watu, wakaona."

"Kumbe hazikupotea," nikasema, na nikaanza kutabasamu kama mjinga.

"Usicheke!" Sauti ile ile ya taratibu ilikuwa imepanda, na sikuwahi kuisikia imepanda isipokuwa kwenye karate. "Usinichekee. Zimesalia kwa bahati, si kwa kuwa ulizitunza. Na habari za kanda nilishazisahau. Miaka sita unanikimbia sokoni! Nilikuona kwenye mitumba umejificha nyuma ya makoti. Nilifundisha watoto wa watu kwa zaidi ya miaka thelathini, sikuwa na mtu anayejua kile kipindi tulikifanyaje, ila wewe. Nani mwingine alikuwepo? Bibi wa Kibosho amefariki, mlinzi yule amefariki. Nikitaka kumkumbuka mbuzi wa mfereji, nimkumbuke na nani? Kanda ningekusamehe siku ileile. Ulichoninyima ni wewe mwenyewe."

Nililia. Sikujitetea, hakukuwa na cha kujitetea. Nikamwuliza kwa nini hakuniita, angetuma mtu tu, ningekuja.

"Kosa lilikuwa lako. Ungekuja nalo mwenyewe."

Akasukuma ungo wa maharage kati yetu, nusu upande wangu. Nikaanza kuchambua. Tukachambua muda mrefu bila kusema, na alikuwa mtu asiyeogopa ukimya, hivyo na mimi nikaacha kuuogopa. Akaniuliza mwanangu anaitwa nani. Akaniuliza kama anashika ukurasa pembeni juu. Maharage yalipoisha akafuta mikono kwenye kanga, akavuta mguu wake kutoka kwenye kigoda, akakaa vizuri kama mtu anayejiandaa kwa wageni.

"Haya," akasema. "Nimemaliza. Kalete hilo jani."